Kidimbwi cha Mama pale Bugembe

Mama yangu amekaa Masese, kando ya Ziwa Victoria hapa Jinja, Uganda, karibu maisha yake yote, kule chini kabisa ambako ukifungua dirisha la nyuma unaona ziwa na mitumbwi, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda likaingia mpaka ndani ya nyumba tukamhamishia kwangu hapa Bugembe. Wazee wa pale walisema maji ya namna ile waliyaona 1964 tu. Tulidhani atakaa miezi miwili mitatu arudi kwake, lakini ukuta wa chumba chake ulilainika ukaanguka upande mmoja, alafu magoti nayo yakaanza kumsumbua, basi akabaki. Hakuwahi kulalamika. Neno lake lilikuwa moja tu, jioni akishaswali anakaa nje kwenye mkeka anasema, "Baba, huku kwenu usiku ni mkavu." Mwanzoni nikadhani anasema habari ya joto, kumbe anasema vyura. Masese usiku kucha unasikia vyura na maji yakigonga mbao za mitumbwi, hapa kwangu unasikia boda na jenereta ya jirani mwenye saluni.

Ndo nikaamua nitachimba kidimbwi. Si cha kufuga samaki wa kuuza, ni kidimbwi cha mama kukaa kando yake. Naandika haya kwasababu watu wengi wanaopita getini wananiuliza nilifanyaje, na wengi nawaona wanaelekea kukosea palepale nilipokosea mimi, na kosa lile lilinimalizia samaki 23 asubuhi moja, ntalifikia.

Ploti yangu ni ile ya kawaida ya futi hamsini kwa mia, nyumba imekula mbele yote, nyuma kumebaki kama hatua 15 mpaka kwenye ua na pembeni kuna mfenesi mkubwa. Mi nilitaka tuchimbe chini ya mfenesi kwasababu kuna kivuli na mama ndo anapenda kukaa hapo. Fundi aliyenisaidia, kijana wa Mafubira ambaye amechimba mabwawa ya samaki huko Budondo, alikataa kabisa. Akaniambia mzee, ukiweka hapa majani yataozea ndani kila siku, fenesi likiiva litaanguka humohumo, na mizizi itatafuta maji mpaka itoboe chini. Tukasogea hatua nane kutoka kwenye shina, mahali jua linapiga kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa hivi, maana yungiyungi hautoi maua bila jua la kutosha, alafu jioni kivuli kinavuta mpaka kwenye mkeka wa mama. Tukaangalia pia maji ya mvua yanapita wapi. Usichimbe pale chini kabisa kwenye uwanja ambapo maji yote ya mvua yanakimbilia, kwasababu yanakuja na sabuni ya kufulia, mavi ya kuku, mafuta ya pikipiki, kila kitu. Na kama uwanja wako unashukia kwenye kinamasi usiguse kule kabla hujauliza, vinamasi vina sheria yake na NEMA, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, wanafuatilia.

Jina lenyewe Jinja linatokana na mawe, na siku ya pili ya kuchimba niliona kwanini. Sentimita 40 za juu ni udongo mwekundu mzuri unashuka na jembe, chini yake sururu ikaanza kutoa cheche. Kazi tuliyodhani ni ya siku mbili ikaenda siku sita, kijana akawa anatumia mtaimbo, jiwe moja linatolewa na watu watatu. Lakini mawe yale yote ndo yamezunguka kidimbwi sasa, sikununua hata moja, na mama ana jiwe lake la bapa anakalia.

Vipimo ni hivi. Mita 3 kwa 2. Kuzunguka pembeni tukaacha ngazi ya upana wa sentimita 30, kina chake 25 tu, hapo ndo vyungu vya mimea vinakaa na hapo ndo chura anapandia kutoka nje, alafu katikati tukashuka mpaka sentimita 90. Watu wengi wanachimba sentimita 40 sawasawa kama beseni wanaona inatosha. Haitoshi, maji mafupi mchana yanapata moto kama ya chai na maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha, kwahiyo samaki wanakosa pa kukimbilia. Ukishuka zaidi pale katikati panabaki baridi kidogo hata saa nane mchana. Jumla inaingia kama lita 3500.

Kitu kinachorukwa sana ni kupima usawa wa kingo. Kwa macho uwanja wangu unaonekana bapa, lakini tulipochukua mpira mwembamba wa kuona ndani tukaujaza maji, mmoja anashika huku mwingine kule, tukakuta upande wa jikoni uko chini kwa sentimita 9. Ungeacha hivo maji yangemwagika upande mmoja na ule mwingine plastiki ingebaki uchi juani. Tukainua upande wa jikoni kwa udongo wa kichuguu tukaushindilia vizuri, udongo ule ukishakauka ni kama saruji.

Kwenye plastiki nilikosea mara ya kwanza. Nilinunua tapolini kwasababu ilikuwa rahisi na muuzaji aliniapia kwamba itakaa miaka mitano. Tulijaza mwezi wa tatu mvua zilipoanza, mwezi wa sita nikaona maji yanashuka kila siku. Sasa hapo unajiuliza, ni jua linakausha au kuna mahali panavuja? Fundi akanifundisha jambo zuri sana, chukua ndoo, ijaze maji ya kidimbwi, ipange kwenye ile ngazi ya pembeni ikae ndani ya maji mdomo ukiwa juu, weka alama ndani ya ndoo na alama kwenye kingo, rudi kesho yake. Jua linakausha vyote viwili sawa. Ndoo yangu ilishuka kama unene wa kidole na kidimbwi kikashuka vidole vinne, basi ujue panavuja. Tulipotoa maji tukakuta tapolini imepasukapasuka yote pale kwenye kingo jua lilipokuwa linaipiga, ukiikunja inavunjika kama ganda la yai.

Nikanunua dam laina, ile plastiki nzito nyeusi ya kutandika mabwawa, ya milimita 0.75. Hesabu yake ni rahisi, unachukua urefu unaongeza kina mara mbili alafu unaongeza sentimita 30 kila upande za kufukia chini ya mawe, kwangu ikawa 3 na 1.8 na 0.6, jumla mita 5.4, na upana vilevile ikawa 4.4. Nilichukua 6 kwa 5 na kipande kilichobaki nimekiweka cha kuzibia. Chini yake tulimwaga mchanga, juu ya mchanga tukatandika mablanketi ya zamani na magunia, kwasababu jiwe moja lenye ncha likibanwa na uzito wa lita 3500 litapita tu. Kuna wanaotaka saruji, na ni nzuri pia, ila saruji mpya inatoa chokaa kwenye maji, lazima ujaze na kumwaga mara kadhaa kwa wiki nyingi kabla hujaweka kiumbe yeyote.

Maji. Mengi ni ya mvua kutoka kwenye bati, tumeweka bomba linaingia kwenye tangi kwanza, mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha iende zake maana inasafisha vumbi la barabara na mavi ya ndege. Yakipungua naongeza ya bomba. Ya bomba yana dawa ya klorini, hiyo dawa inaunguza samaki na inaua hata vijidudu vyenye faida, kwahiyo nayajaza kwenye mapipa mawili yanakaa wazi juani siku mbili ndo nayamimina.

Alafu kuna kusubiri, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Maji mapya hayana uhai ndani. Samaki anatoa amonia kwenye maji, amonia ni sumu kwake, na kuna bakteria ambao wanaigeuza kuwa nitriti ambayo bado ni sumu, alafu bakteria wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati ambayo mimea inakula. Bakteria hao huwezi kuwaona na wanahitaji wiki nne mpaka sita kujikalisha kwenye mawe na kwenye kuta za laina. Ukikimbia unaweka samaki wengi siku ya pili, unawaweka kwenye choo kisicho na wa kusafisha. Wiki ya pili maji yangu yakawa kijani kabisa kama supu ya mchicha, jirani akaniambia mwaga uanze upya, mama akasema acha. Tukaacha. Mimea ilipokamata, yakatulia yenyewe, wiki ya tano ukawa unaona mawe ya chini.

Mimea mama ndo alitaka itoke ziwani. Nikaenda Masese na boda nikarudi na yungiyungi, matete kidogo, na mafunjo, na katikati ya hayo kulikuwa na gugu maji moja dogo, lina ua lake la zambarau, zuri sana kwa macho. Mama alipoliona alinyanyuka pale kwenye mkeka akalichukua mwenyewe akalitupa juani juu ya mawe. Yeye anakumbuka ile miaka ya tisini gugu lilipofunga ziwa pale Masese mpaka mtumbwi hautoki, watu wanalala njaa na samaki wako palepale chini ya majani. Mpaka wakaletwa wale wadudu wa kulila, na mashine za kukata. Gugu maji moja linaweza kuwa mawili ndani ya wiki mbili na mawili yakawa manne, kidimbwi cha mita sita za mraba kinafunikwa kabla hujatanabahi, mwanga haupiti, chini kunaoza. Usiliweke, na kama unalo usilitupe kwenye mtaro, lianike likauke kabisa.

Jambo la pili kuhusu mimea ya ziwani ni konokono, kwasababu ya kichocho. Huku kwetu kando ya ziwa na Nile kichocho kipo, na kinapitia kwenye konokono wadogo wanaoshika majani. Nilikagua kila jani pande zote mbili, nikakwangua mayai yao, yale yanakaa kama ute ute chini ya jani la yungiyungi, nikaiosha mimea vizuri alafu nikaiacha kwenye beseni wiki nzima nikibadilisha maji kabla ya kuiingiza. Beseni hilo nilikuwa nashika na glavu. Na watoto nimewakataza kabisa kukojoa au kwenda haja kubwa hata karibu na hapo, maana ugonjwa ule unazunguka kutoka kwa mtu kwenda kwenye maji kwenda kwa konokono kurudi kwa mtu, ukikata sehemu moja umeukata wote.

Samaki niliweka ngege, yaani tilapia. Wengine walinishauri niweke mamba (nyinyi wa pwani msishtuke, mamba huku ni yule samaki anayepumua hewa, kamongo) lakini huyo angewala wote. Nilinunua vifaranga 60, wanaletwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, limejazwa hewa. Ukifika usiwamwage, acha kaveera lielee kwenye kidimbwi dakika 20 ili joto la maji lilingane, alafu unafungua unaingiza maji ya kidimbwi kidogokidogo ndo watoke wenyewe. Aliyeniuzia alisema kidimbwi kama changu kinabeba hata 100. Nikaamini, mi sikuwa najua.

Miezi mitatu ilikuwa raha tupu. Watoto wakitoka shule wanakimbilia kutupa pumba za mahindi, jioni posho (ugali) iliyobaki inaingia humo, mama naye anarusha makombo ya mkate, na samaki wanakula kila unachowapa kwahiyo unadhani wana njaa. Maji yakaanza kurudi kijani. Niliona, nikasema si mara ile ya kwanza yalitulia yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, siku mbili zilikuwa na mawingu mazito bila upepo hata kidogo. Mama huwa anaamka kabla ya alfajiri, akatoka nje kutia udhu, nikamsikia dirishani kwangu. "Amka. Samaki wanaomba." Nikatoka na tochi. Wote walikuwa juu, uso wa maji wote ni midomo, midomo midogo ya duara inafunguka na kufunga, na kuna sauti, sauti ndogo ya kubusu hewa, sijawahi kuisahau. Wale wakubwa ndo walikuwa na hali mbaya, wengine walishalala ubavu wanazungukazunguka. Ukitia mkono hawakimbii. Nikamwamsha mke wangu tukaanza kuchota maji kwenye tangi na majerikeni, tunayamimina kutoka juu kabisa, mikono imenyooshwa, ili yaanguke yakivunjikavunjika yabebe hewa, watoto nao wakaja na vikombe. Mama alikaa kwenye jiwe lake ameshika mmoja kwenye kiganja ndani ya maji anamsukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, ili maji yapite kwenye mashavu yake. Kulipopambazuka vizuri jua likatoka, waliobaki wakashuka chini mmoja mmoja. 23 walikuwa wanaelea, weupe. Yule wa mama alikuwa hai.

Fundi alipokuja hakuhitaji hata kuuliza. Mchana ile mimea midogo inayofanya maji yawe kijani inatengeneza hewa, lakini usiku hakuna mwanga, na yenyewe inavuta hewa kama samaki wanavyovuta, na pumba zinazooza chini nazo zinavuta. Kwahiyo hewa inapungua usiku kucha na kiwango cha chini kabisa kinakuwa kabla tu ya jua kutoka. Ukiongeza siku za mawingu ambazo mchana wenyewe haikutengenezwa hewa ya kutosha, na samaki wengi, na chakula kingi, basi alfajiri moja hesabu inakataa. Wakubwa wanaanza kufa kwasababu wanahitaji hewa nyingi zaidi. Haikuwa ugonjwa, haikuwa sumu ya mtu kama jirani mmoja alivyoanza kusema. Tulikuwa tumewaua kwa kuwapenda na chakula.

Nikabaki na 15. Wale wengine 22 fundi aliwachukua akawapeleka kwenye bwawa huko Budondo. Chakula sasa ni mara moja kwa siku, saa nne jua likishapanda, kiasi ambacho wanamaliza ndani ya dakika tano, na siku ya mawingu mazito hakuna chakula kabisa. Hawafi njaa, kidimbwi chenyewe kina wadudu. Watoto walilia kidogo wakazoea.

Alafu pampu. Nilikuwa nimenunua ile ndogo ya sola inayorusha maji kama chemchemi, nzuri sana kwa wageni, na nikajidanganya kwamba inaleta hewa. Inaleta, lakini mchana, wakati ambao mimea inatengeneza hewa ya kutosha. Usiku jua likizama na yenyewe inalala, saa ileile ambayo samaki wanaihitaji. Kwahiyo nimeongeza betri ndogo na swichi ya saa, sasa inapumzika mchana na inafanya kazi kuanzia saa nane usiku mpaka saa moja asubuhi. Umeme wa nyumbani sikutaka kuutegemea kwa jambo la uhai. Pampu inasukuma maji kwenye ndoo yenye kokoto na sponji alafu yanaanguka tena kidimbwini. Sponji ile nikiisafisha naisafisha na maji ya kidimbwi yenyewe, ukiiosha na ya bomba unaua wale bakteria uliowasubiri wiki sita.

Kipimo changu cha kila wiki ni mkono. Natumbukiza mkono ulionyooka, nikifika kwenye kiwiko niwe bado naona kiganja. Kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijafika, maji yamezidi ukijani, naacha kulisha, naondoa kama sehemu moja ya tano ya maji kwa kumwagilia sukuma na ndizi (migomba yangu ya pale nyuma haijawahi kuzaa hivo) na najaza mapya. Zaidi ya hapo ni kuokota majani ya mfenesi kila asubuhi na wavu, kazi ya dakika kumi, na kukata majani ya yungiyungi yaliyogeuka njano kabla hayajaoza. Basi.

Mbu ndo walileta maneno mtaani. Mama mmoja wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, alikuja na kikombe cheupe, akasema watu wanalalamika nafuga malaria. Nilifurahi alivyokuja na kikombe badala ya maneno matupu. Akachota katikati, hakuna kitu. Akachota tena pembeni, hakuna. Samaki wanakula viluwiluwi vyote kabla havijakua, na maji yanayotikisika mbu hapendi. Alafu akaniambia twende nyuma ya choo, na kwenye tairi la zamani nililosahau pale akachota kikombe kimoja tukahesabu viluwiluwi zaidi ya 30. Akanionyesha namna ya kuwatofautisha, wale wanaoning'inia kichwa chini na kamrija kao juu ni wa mbu wa kawaida, wale wanaolala bapa juu ya maji kama kijiti ndo Anopheles wa malaria. Tairi lile siku hiyohiyo lilitoka. Ila alinikuta na kosa moja kidimbwini, nyasi zilikuwa zimeinamia maji upande wa ua na ndani ya nyasi hizo samaki hawafiki. Sasa nazifyeka kila wiki mbili.

Watoto ni jambo zito kuliko mbu. Mtoto wa miaka miwili anazama kwenye maji ya kina cha kiganja, na hapigi kelele. Kabla hata ya kujaza maji tulizungushia wavu wa chuma urefu wa mita moja na nusu, mlango una komeo la juu, na jirani mwenye vitoto nilimwita aje aujaribu mwenyewe mpaka akaridhika. Kama huna pesa ya wavu bado, acha shimo lisubiri.

Ndege siwezi kuwazuia wote. Yangeyange anakuja anasimama tu, kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara, wako kwenye miti ya barabarani lakini hawajashuka. Mwenye hasara ni mdiria, yule mweusi na mweupe anayetulia hewani kama amefungwa uzi alafu anaanguka kama jiwe. Anachukua wale samaki wadogo. Nilitaka kufunga kamba juu ya maji, mama akakataa, akasema huyo alikuwa anamwona Masese kila siku, mwache ale.

Vyura hatukuwaleta. Watu wananiuliza wanauzwa wapi, hawauzwi, wanakuja. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, usiku mmoja akaanza mmoja, sauti nzito upande wa mafunjo, akanyamaza, akaanza tena. Nilikuwa sebuleni. Nikatoka taratibu nikamkuta mama amekaa kitandani taa imezimwa dirisha liko wazi, hakusema kitu, akanipa ishara na mkono nikae. Tulikaa pale mpaka wakawa watatu.

Sasa tuna shida nyingine ambayo ni nzuri. Ngege jike huweka mayai mdomoni mwake, anayabeba humo wiki nzima na zaidi, hali chochote, na hata vikishaanguliwa vitoto vikiona hatari vinarudi mdomoni. Mama aliwahi kunivuta shati nione, jike mmoja amesimama karibu na jiwe na wingu la vitoto kama punje za mtama mbele ya uso wake, kivuli changu kikapita juu ya maji na wingu lote likaingia mdomoni kwa mara moja, shavu likavimba, akageuka akaondoka polepole. Mama alirudia hadithi hiyo kwa kila aliyepita getini wiki ile. Lakini maana yake ni kwamba 15 hawabaki 15, mwezi uliopita nilihesabu nikachoka, na mimi najua alfajiri inataka nini. Kula hatuwali, mama amekataa na mi siwezi kumlazimisha. Kwahiyo fundi anakuja Jumamosi na wavu wake na madumu mawili kuwapeleka Budondo, na mama ameshaniambia yupi na yupi hawatoki. Yule aliyemshika mkononi alfajiri ile ana kovu jeupe juu ya pezi la mgongo, huyo ndo wa kwanza kwenye orodha.